Pori Lisilo na Mwenyeji: Mgeni wa Kidepo na Utamaduni wa Waik wa Kaskazini-Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mgeni anavyolifikia Bonde la Kidepo na vijiji vya Waik katika Mlima Morungole, kaskazini-mashariki kabisa mwa Uganda, na namna lugha inavyomtayarisha kuwaona au kutowaona watu wa huko. Hoja kuu ni kwamba neno pori, linalotumiwa kwa urahisi mno katika Kiswahili cha utalii, humwondoa mwenyeji katika ardhi yake. Na kwamba Kidepo jambo hilo lilitendeka kwa amri kabla ya kutendeka kwa maneno. Historia ya hifadhi, kitabu cha Colin Turnbull cha mwaka 1972 na tafiti zilizokipinga vinajadiliwa, pamoja na mfano wa Kaya za Wamijikenda nchini Kenya na ule wa Wacree wa Kanada.

Utangulizi

Kutoka Kampala hadi Kidepo ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na kwa gari humaliza siku nzima. Barabara inaelekea kaskazini, inavuka Mto Nile pale Karuma, inapita Gulu na Kitgum, kisha vijiji vinaanza kutengana na milima kujitokeza mmoja mmoja. Wenye uwezo huruka kwa ndege ndogo kutoka Entebbe hadi kiwanja cha Apoka, wakaikosa safari hiyo ya barabarani ambayo, kwa kweli, ndiyo inayomfundisha mtu ukubwa wa kaskazini. Karamoja peke yake, yenye wilaya 9, ina eneo la takribani kilomita za mraba 27,000. Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, iliyo pembeni kabisa mwa eneo hilo na kupakana na Sudani Kusini, ina kilomita za mraba 1,442.

Mgeni huonyeshwa kwanza uwanda wa Narus, ambako maji hayakauki upesi na makundi makubwa ya nyati hukusanyika wakati wa kiangazi. Huonyeshwa duma na mbuni. Hupelekwa hadi Mto Kidepo wenyewe, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mweupe uliopangwa michikichi ya mivumo pande zote mbili. Kisha, kama ana siku ya ziada na miguu yenye nguvu, huambiwa kwamba anaweza kupanda Mlima Morungole kuwaona Waik. Katika ratiba nyingi za safari, Waik huja mwishoni namna hiyo, baada ya simba na kabla ya kurudi nyumbani. Mpangilio huo una historia yake, na lugha imechangia kuujenga.

Pori, nyika na mwenyeji

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuitaja ardhi isiyolimwa wala kujengwa: pori, nyika, mbuga, msitu, mwitu. Maneno haya hayalingani. Mbuga hutaja umbo la ardhi, yaani uwanda mpana wenye nyasi. Msitu hutaja miti. Pori halitaji umbo lolote. Hutaja kutokuwapo kwa watu. Mahali panapoitwa pori panaweza kuwa tambarare au mlima, pakavu au penye maji, ilimradi msemaji haoni mji wala shamba. Kwa hiyo pori ni neno la mtu anayetazama kutoka kwingine, na ndiyo maana mnyama asiyefugwa huitwa mnyamapori hata kama amezaliwa mita mia chache kutoka kwenye uzio wa boma.

Neno linalokabiliana na mgeni katika Kiswahili ni mwenyeji, na asili yake iko wazi: mwenye mji. Mgeni hupiga hodi kwa sababu kuna mwenye mji wa kumwitikia karibu. Ukarimu wa Waswahili, kama ulivyo katika methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, hauwezekani pasipo pande hizo mbili. Sasa, ikiwa mahali pamekwisha kuitwa pori, mji haupo. Na mji usipokuwapo, mwenyeji hana pa kusimama. Mgeni wa pori hampigii mtu hodi. Hulipa kiingilio langoni, akaandikwa jina, akapita.

Pwani ya Afrika Mashariki inao ushahidi wa zamani wa jambo hili. Kwa muda mrefu watu wa miji ya pwani waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, yaani watu wa nyika, na wamisionari wa karne ya 19 kama Johann Ludwig Krapf wakalichukua jina hilo na kuliandika vitabuni kana kwamba ndilo jina la kabila. Wenyewe hawakuwa watu wa nyika. Walikuwa watu wa kaya, yaani miji yenye ngome za miti iliyozungukwa na misitu, na katika miaka ya 1940 walilikataa jina lile wakajiita Wamijikenda, watu wa miji tisa. Inafaa kuangalia neno walilolichagua. Hawakutafuta jina la sifa wala la ushujaa. Walirudisha mji palipokuwa na nyika.

Kwa Waik hali ni ya namna hiyohiyo, ila kwa lugha nyingine. Majirani zao Wakaramoja waliwaita Teuso, na jina hilo ndilo lililotumiwa na watawala kwa muda mrefu. Hata kundi la lugha ambamo lugha yao, Icetod, imewekwa pamoja na Kiso cha Mlima Moroto na Kinyang'i kinachokaribia kutoweka, limezoeleka kwa wanaisimu kama Kuliak, neno linalotokana na jina la Kikaramoja la watu maskini wasio na ng'ombe. Baadhi ya wanaisimu hupendelea kuliita kundi hilo Rub, kutokana na mzizi wa neno la watu katika lugha zenyewe. Tofauti kati ya majina hayo mawili haihusu adabu peke yake: la kwanza linamtaja mtu kwa kile ambacho jirani yake anacho na yeye hana.

Bonde linageuzwa pori

Kabla ya kuwa hifadhi, Bonde la Kidepo lilikuwa na wenyewe. Wadodoth walichunga humo, na Waik waliwinda na kukusanya matunda na asali humo. Jina lenyewe hupewa asili katika kitenzi cha Kikaramoja chenye maana ya kuokota, kwa kuwa watu walikwenda bondeni kuokota matunda ya mivumo iliyo kando ya mto. Ni jina linalotaja kazi ya watu. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ililitenga bonde hilo kuwa pori la akiba la wanyama, na mwaka 1962, mwaka wa uhuru, likawa hifadhi ya taifa. Watu waliondolewa. Uwindaji ukawa kosa la jinai katika ardhi ileile ambayo wazee walikuwa wakiwafundishia vijana wao kuwinda.

Ni lazima jambo hili lielezwe kwa uangalifu, kwa sababu limerudiwa mara nyingi kwa namna inayopotosha. Mara nyingi husemwa kwamba Waik walikuwa wawindaji tu, na kwamba waliponyang'anywa bonde wakabaki bila kazi, wakalazimishwa kulima wasichokijua. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba Waik ni wakulima wa mtama, ulezi na mahindi kwenye miteremko ya milima, na ni warinaji hodari wa asali wanaotundika mizinga mitini. Uwindaji na matunda ya mwituni vilikuwa akiba yao. Shamba lilipokauka, bonde liliwalisha. Kufungwa kwa bonde hakukuwanyima chakula cha kila siku. Kuliwanyima chakula cha mwaka mbaya, na katika nchi ya ukame kama Karamoja mwaka mbaya hauko mbali kamwe.

Juu ya hayo kulikuwa na ng'ombe, au tuseme kutokuwapo kwa ng'ombe. Waik wanaishi kati ya Waturkana walio upande wa Kenya na Wadodoth walio upande wa magharibi, jamii mbili za wafugaji ambazo kwa vizazi vingi zimevamiana kwa ajili ya mifugo. Njia ya wavamizi hupita milimani mwao. Mwenye kufuga hapo hujiitia uvamizi, na asiyefuga hushukiwa na kila upande kwamba amewaonyesha adui njia. Vijiji vya Waik vimejengwa kwa kuizingatia hali hiyo: ua imara wa miti na miiba, milango mifupi inayomlazimisha mtu kuinama, na ndani yake sehemu za familia zilizotengwa kwa nyua nyingine. Mgeni aliyezoea kuona milango mipana anaweza kudhani kwamba watu hawa hawapendi wageni. Milango hiyo ilikusudiwa wageni wa aina nyingine.

Kitabu kilichomtangulia mgeni

Mwanaanthropolojia Colin Turnbull alifika kwa Waik katikati ya miaka ya 1960. Alikuwa tayari na jina kubwa kutokana na kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu Wambuti wa msitu wa Ituri nchini Kongo, watu aliowapenda na kuwaeleza kwa mapenzi. Kwa Waik alikuta ukame na njaa. Kitabu alichokichapisha mwaka 1972, The Mountain People, kiliwaeleza kama watu waliokwisha kupoteza upendo, wanaowanyang'anya wazee chakula kinywani na kuwacheka wanaoanguka. Kilisomwa na wengi mno. Mwaka 1975 mwongozaji wa tamthilia Peter Brook alikigeuza kuwa mchezo wa jukwaani mjini Paris. Jina la Waik, watu wasiozidi maelfu machache, likawa mfano unaotajwa Ulaya na Marekani kila mtu alipotaka kuonyesha kwamba ubinadamu ni ganda jembamba.

Turnbull hakuishia kuandika. Aliipendekezea serikali ya Uganda kwamba Waik watawanywe katika vikundi vidogo sehemu mbalimbali za nchi, ili jamii yao ikome kuwapo kama jamii. Pendekezo hilo halikutekelezwa, lakini lilikuwamo katika kitabu kinachosomwa vyuoni, na wanaanthropolojia wenzake, akiwemo Fredrik Barth, walilishutumu vikali.

Shutuma iliyojikita zaidi katika ushahidi ilikuja kutoka kwa mwanaisimu, na hilo ni jambo la kutiliwa maanani na wanaofanya kazi ya lugha. Bernd Heine, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waik katika miaka ya 1980 na kuchapisha makala yake mwaka 1985, aliweza kuzungumza nao kwa kuijua lugha yao. Alionyesha kwamba mahali alipoishi Turnbull, karibu na kituo cha polisi cha Pirre, palikuwa na mchanganyiko wa watu. Kwamba baadhi ya waliompa habari hawakuwa Waik. Na kwamba maneno mengi ya Icetod yaliyomo kitabuni yalikuwa na makosa. Watu aliowakuta Heine walikuwa wakulima wanaosaidiana shambani na kugawana chakula. Mwaka 2020 Cathryn Townsend na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliopima ukarimu wa Waik kwa kutumia mchezo wa kugawana fedha, mchezo uleule uliotumiwa katika jamii nyingi duniani. Waik hawakuwa wachoyo kuliko watu wengine. Utafiti huo ulieleza pia imani yao kuhusu mizimu ya ardhi inayowapendelea wanaogawa.

Njaa huharibu tabia za watu, na Turnbull aliiona njaa kweli. Hakuna sababu ya kulikana hilo. Kosa lake lilikuwa kuichukua hali ya mwaka mbaya akaifanya kuwa ndiyo tabia ya taifa zima. Ni kana kwamba mtu angeingia Karamoja katika njaa ya mwaka 1980, akahesabu waliokuwa wakigombania unga, kisha akaandika kamusi ya utamaduni wa Wakaramoja.

Hata leo wako wageni wanaopanda Morungole wakiwa wamekisoma kitabu hicho au muhtasari wake, na maswali yao hulithibitisha hilo: wanauliza kama ni kweli kwamba mama humwacha mtoto. Swali hilo linapofasiriwa na kumfikia mwanamke aliyembeba mjukuu mgongoni, limetoka Kiingereza kwenda Kikaramoja na pengine kwenda Icetod, na mfasiri, kama ana akili, hulibadilisha njiani.

Juu mlimani

Mlima Morungole unafikia takribani mita 2,750. Kupanda hadi vijiji vya Waik huchukua saa kadhaa, na mgeni husindikizwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Hilo peke yake hubadilisha maana ya ziara, kwa kuwa mwenye bunduki ni mtumishi wa mamlaka ileile inayowakataza Waik kuwinda bondeni. Kijijini huwa na salamu, ngoma, picha, kununua shanga au asali. Kisha mgeni hushuka kabla ya jua kuzama. Atakuwa ameona mandhari ambayo hataisahau: bonde zima chini yake, na milima ya Sudani Kusini kwa mbali. Waik wenyewe huitazama mandhari hiyohiyo kila siku, ila wao hutazama mahali pa babu zao.

Kitu asichokisikia mgeni, kwa sababu ziara ni fupi na macho ndiyo yanayofanya kazi, ni lugha. Icetod ina irabu zinazonong'onezwa mwishoni mwa neno, hafifu kiasi kwamba asiyeizoea husikia neno limekatika. Terrill Schrock, aliyechapisha kamusi na muhtasari wa sarufi yake mwaka 2017, ameeleza mfumo wa viambishi vya uhusika usiofanana na kitu chochote katika lugha za majirani zao. Kwa lugha inayozungumzwa na watu waliohesabiwa takribani 14,000 katika sensa ya mwaka 2014, huo ni utajiri unaostahili kuwa sehemu ya ziara kama vile nyati wa Narus walivyo sehemu yake.

Hali ya kisiasa nayo imebadilika kwa namna ambayo matangazo ya safari hayajaifuata. Waik wametajwa katika orodha ya jamii asilia iliyomo katika Katiba ya mwaka 1995. Wana jimbo lao la uchaguzi, Ik, na mwaka 2016 Hillary Lokwang alichaguliwa kuwa mbunge wa kwanza kutoka miongoni mwao. Kabila lenye mbunge haliwezi kuitwa kabila lililosahaulika, ingawa jina hilo bado linauza safari. Kuhusu fedha, sheria ya wanyamapori inaagiza asilimia 20 ya ada za kiingilio zirudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi kupitia serikali za mitaa. Lakini tangu mwaka 2019 eneo la hifadhi limo katika Wilaya mpya ya Karenga, ilhali jimbo la Ik liko Wilaya ya Kaabong. Mstari wa utawala umepita kati ya bonde na watu waliolikusanyia matunda.

Mahali ambapo mgeni hupiga hodi

Mpangilio mwingine unawezekana, na mfano uko karibu. Katika Kaya Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, mgeni anayetaka kuingia katika msitu wa Wadigo hupokewa na wanajamii wenyewe, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huelezwa yaliyo mwiko, na haruhusiwi kutoka na kitu chochote cha msituni. Misitu ya Kaya ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni wa Kinondo huondoka akiwa ameona miti michache na ndege kadhaa, lakini anajua msitu ni wa nani.

Mfano wa pili uko mbali, katika kaskazini ya Quebec nchini Kanada, katika nchi ambayo Wacree huiita Eeyou Istchee, ardhi ya watu. Mwaka 1971 serikali ya jimbo ilitangaza mradi mkubwa wa mabwawa ya umeme katika eneo ililoliona tupu, bila kuwauliza wawindaji wa Cree waliokuwa na maeneo yao ya uwindaji humo tangu zamani. Wacree walikwenda mahakamani, na mwaka 1975 ukapatikana mkataba uliotambua haki zao za uwindaji na kuwapa mamlaka katika elimu na afya. Mkataba mwingine ulifuata mwaka 2002. Kila eneo la uwindaji lina msimamizi wake wa jadi anayejulikana kwa jina, na mgeni anayetaka kulijua eneo hilo huanza kwake. Mabwawa yalijengwa na mito mikubwa ikageuzwa mkondo, kwa hiyo si hadithi ya ushindi mtupu. Hata hivyo, leo utalii wa Eeyou Istchee huendeshwa kwa sehemu kubwa na Wacree wenyewe, na ramani zake zina majina yao.

Kiswahili cha waongozaji

Uganda ilikitambua Kiswahili kikatiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukieneza. Wageni kutoka Kenya na Tanzania wanaongezeka kuwa sehemu ya soko la utalii wa ndani ya kanda, na waongozaji wa Kidepo watazidi kuhitaji Kiswahili. Katika Karamoja, lakini, Kiswahili kina kumbukumbu yake. Kiliingia kwa midomo ya askari: kwanza wa King's African Rifles, kisha wa majeshi yaliyofuata, hadi operesheni za kuwanyang'anya watu silaha za mwaka 2001 na 2006. Kwa wazee wengi ni lugha ya amri. Mtu anayeisema mlimani haleti chombo kisicho na historia.

Ndiyo maana uchaguzi wa maneno katika mafunzo ya waongozaji si suala la mapambo. Mwongozaji anayesema kwamba bonde ni pori lisiloguswa amesema uongo wa kihistoria, hata kama hakukusudia. Anaweza kusema mbuga, ambalo ni neno la umbo, au hifadhi, ambalo angalau linaonyesha kwamba kuna aliyeamua kuhifadhi. Anaweza kuacha Teuso na kusema Waik. Anaweza kumfundisha mgeni salamu ya Icetod kabla ya kupanda, ajifunze kunong'ona ile irabu ya mwisho. Zaidi ya yote, mpango wa ziara ungeweza kumweka Mwik mwenyewe kuwa mwongozaji anayempokea mgeni chini ya mlima, kabla ya ule mlango mfupi, pale ambapo hodi inaweza kupigwa na kuitikiwa.